Sahani ya Pili

Yule mwanamke nilimchukia kabla hajavua viatu mlangoni. Alikuwa mshauri wa lishe wa hospitali, hapo Mbale, na alikuja kwetu kwa sababu mdogo wangu alikuwa ameacha kula. Si kwamba chakula kilikosekana. Vita vilikuwa vimekwisha, mjomba aliyetupokea alikuwa na duka karibu na viwanda, unga na karanga tele. Lakini msichana wa miaka kumi na minne alikuwa mifupa mitupu, na ukimpakulia anasema ameshiba.

Yule mtoto ni wangu. Mama alipofariki, nilimlea mimi. Bunduki zilipoanza kulia kule kwetu Kimaka, mjini Jinja, nilimshika mkono tukatoka kwa miguu hadi Buwenge, tukaishi kwa muhogo wa kuombaomba. Sasa aje mtu baki anifundishe kumlisha?

Njia yangu ilikuwa kumkalia mbele na kumtazama mkono. Nilibembeleza, nikafoka, nikalia. Tonge moja lilimkaa mdomoni mpaka posho yote, ule ugali wetu wa mahindi, ikapoa.

Mshauri hakufanya hata moja katika hayo. Aliomba sahani mbili, akapakua posho na malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayoyapenda sana Wagisu wa Mbale, yaliyopikwa kwa karanga. Akala. Akala kwelikweli, mpaka akalamba vidole! Huku anamsimulia habari za jogoo wake mkorofi, hata sahani ya mtoto haitazami.

"Kama hutaki, acha tu, mwanangu," alimwambia. "Mimi sina haraka. Nakula hapa na wewe."

Mdogo wangu akachovya. Akachovya tena. Halafu akacheka.

Loo, wivu ulinipanda! Badala ya kushukuru, nilitoka uani nikasugua sufuria iliyokuwa safi. Tangu siku hiyo, mshauri akija, kazi yangu ikawa kuleta maji ya kunawa. Siku moja nikamsikia mtoto anamwita mama. Ebo! Mama wa wapi? Nilimsema yule mwanamke kwa majirani wote, na roho haikutulia.

Kisha ikanyesha mvua kubwa, mshauri hakuja. Wallahi nilifurahi. Nikapika posho na malewa kwa karanga, nikaweka sahani mbele ya mdogo wangu, nikakaa, nikatazama. Akaisukuma.

"Kwake unakula," nikasema kwa hasira. "Kwangu kuna sumu? Mimi si dada yako?"

"Yeye anakula na mimi, dada."

"Na mimi je?"

"Wewe hujala na mimi tangu Buwenge." Alisema huku ameinama. "Kila siku unasema umeshiba. Muhogo ule wote nilikula mimi, wewe unanitazama tu, unakonda. Mpaka leo nikimeza, naona nakumaliza wewe."

Nilikwenda jikoni nikaleta sahani ya pili, nikajipakulia. Tonge la kwanza lilinikwama, la pili likashuka. Kumbe nilikuwa na njaa, jamani, njaa ya siku nyingi! Nikainama nikala, na nilijikaza nisimtazame mkono.

Baadaye kidogo nikamsikia anatafuna.