Sabuni ya Mbwa wa Gerezani

Foleni ya duka la dawa pale Kariakoo juzi ilikuwa haitulii. Kulikuwa na tetesi kwamba sabuni imeingia, na kila mtu alikuwa akichungulia dirishani juu ya bega la mwenzake. Ndipo mlinzi wa karakana moja ya mtaa wa Gerezani alipofika mbele, akivuta mbwa aliyejikuna mpaka mgongo umenyonyoka manyoya, akaomba sabuni ya kumwogeshea. Mzee mmoja mbele yangu akakunja kanzu yake mpaka magotini.

"Ndugu, mwondoe huyo! Watu tunaoga maji matupu, wewe unamtafutia mbwa sabuni?"

"Shikamoo, mzee. Ni sabuni ya dawa hii. Daktari wa mifugo kasema ana mzio, kiroboto mmoja tu akimuuma anawashwa mwili mzima. Halindi tena, kazi yake kujikuna."

Muuzaji akampa kipande. "Mpake, povu likae kwanza ndipo umsuuze. Na umzuie asijilambe." Kisha akatutangazia sisi wengine kwamba sabuni ya kuogea haikuja, akafunga dirisha.

Foleni ikavunjika kwa manung'uniko. Yule mzee akamkimbilia mlinzi, akatazama huku na huku, akapandisha mkono wa kanzu. Kiwiko kilikuwa chekundu kwa kukunwa.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "mbwa wako atamaliza kipande chote?"

Hotuba za kugawana tumezisikia nyingi mjini hapa, lakini utekelezaji niliuona siku hiyo. Mlinzi akachomoa kisu, akakata sabuni katikati, akampa mzee nusu kwa mikono miwili.

"Povu likae kwanza, mzee," akasema bila kucheka. "Na usijilambe."