Kivinjari Kinachosahau

Treni iliharibikia Kamina, nikashuka na kuingia kwenye kibanda cha intaneti karibu na kambi ya jeshi, niwaarifu wenyeji wangu kwamba nitachelewa. Mwanamke mwenye kibanda alinifungulia kivinjari, kisha akageuza kiti chake kuelekea ukutani, akisema hufanya hivyo kwa kila mteja. "Andika tu, papa. Hii njo mupya. Ukifunga, inasahau yote." Kidole gumba chake kilikuwa kikipangusa kipanya kisicho na vumbi.

Kivinjari cha zamani kilikuwa kinakumbuka. Jirani wa mwenye kibanda, mke wa askari, aliwahi kutafuta humo kama mwanamke anaruhusiwa kuolewa tena mumewe akipotea vitani. Alipoinuka tu, mteja aliyefuata akaandika maneno mawili, na kivinjari kikammalizia swali lile mbele ya foleni nzima. Jioni kambi yote ilijua. Jirani akarudi kwao Kabondo-Dianda na watoto. "Balikuwa bananiambia nibadilishe," alisema mwenye kibanda, akiuambia ukuta. "Miye nikasema, kesho."

Mpita njia alichungulia mlangoni, akamwita kama dada mkubwa. "Yaya, mashini yako leo inatangaza nini?"

Pikipiki ya kumpeleka mwenye kibanda Kabondo-Dianda ilipofika, alijifunga kitenge cha pili kwa ajili ya vumbi. Alikuwa anakwenda kumwomba jirani msamaha. Safari iliyopita hakufunguliwa mlango.

"Na leo asipofungua?" niliuliza.

"Nitarudia. Siwezi kusemea inje ya mulango, bantu banasikia."

Akapanda nyuma ya dereva. Mimi nikabaki kizingitini, nikisubiri treni itengenezwe.