Daftari la Fundi wa Keko

Walimu vijana hunijia nyumbani kuniomba niwapendekezee vitabu vya kufundishia kazi za mikono. Hukaa kitako na kalamu tayari, wakitaka orodha. Huwatajia viwili vitatu ili waondoke. Kitabu cha maana kuliko vyote nilikiharibu mimi mwenyewe, tena kwa fimbo, na hilo siwaambii.

Ilikuwa Temeke, enzi za Mwingereza. Nilitoka bara na cheti kipya na kaptula iliyonyooshwa kwa pasi, nikijiona mtu kweli kweli. Shule ilikuwa na seremala mzee kutoka Keko aliyewafundisha watoto randa na msumeno. Hakuwa na cheti. Walimu wenzangu walimwamkia shikamoo. Mimi nilimwambia, "Habari za asubuhi, fundi," kwa sauti ya kusikika darasa zima. Alinijibu, "Njema, Mwalimu," bila kinyongo, na hilo ndilo lililonikera.

Kisha mkaguzi wa Kizungu akatuletea kitabu, akisema ndicho kinachopendekezwa kwa mwalimu mbunifu. Picha zake zilikuwa za watoto waliovaa sweta, wakikata karatasi za rangi karibu na moto. Temeke hatukuwa na karatasi za rangi, na moto tuliukimbia. Nilikipenda kwa sababu moja tu: fundi asingeweza kukisoma. Alizijua herufi za Kiarabu tu, alizofundishwa chuo cha Kurani utotoni, na nilijua kwamba anazijua.

Nikamkabidhi mbele ya darasa. "Fundi, tusomee ukurasa wa kwanza."

Alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua kutoka nyuma kama afunguavyo msahafu, akakitazama kwa adabu. Nilianza kucheka mimi. Watoto walinitazama kwanza, halafu nao wakacheka. Siku hiyo hiyo nikamwandikia mwalimu mkuu kwamba shule imemweka mtu asiyejua kusoma. Juma halikwisha, fundi akaambiwa asirudi.

Alikuja kuchukua patasi zake, akaniachia daftari nene lililojaa herufi zake zile. "Mwalimu, watoto wote wamo humu. Mtafute mtu akusomee." Nililishika kwa vidole viwili, nikalitupa kabatini.

Kitabu cha mkaguzi kilikuwa na somo la mabakuli: unachana karatasi kuukuu, unazibandika kwa uji wa unga tabaka juu ya tabaka, unaanika. Karatasi kuukuu nilizokuwa nazo ni lile daftari. Nilipowagawia, watoto wakaweka mikono nyuma.

"Mwalimu, hizi ni herufi za msahafu," mmoja akasema. "Huenda ndani mna jina la Mungu. Hatuchani."

Nikawachapa mmoja mmoja mpaka wakachana. Walichana wakilia, na uji ukichanganyika na machozi. Kulikuwa na mtoto wa muuza nazi aliyetumia mkono wa kushoto kwa kila kitu. Huyo nilimchapa mara mbili: kwanza kwa kukataa, kisha kwa kubandika kwa mkono usiotakiwa. Nilimpiga kwenye vifundo vya vidole vya mkono huo huo. Nakumbuka nilijisikia vizuri.

Siku ya pili mama yake akaja. Hakupiga kelele. Alinionyesha mkono wa mwanawe uliovimba, akasubiri niseme neno. Nikamwambia mambo ya nidhamu. Alipochoka kunisikiliza aligeukia dirishani, ambako mabakuli yalikuwa yanakauka, akainua moja. Naye alisoma chuoni. Akalizungusha polepole, akasoma kwa sauti:

"Mtoto wa muuza nazi. Mkono wake ni wa kushoto. Msimlazimishe wa kulia. Nimemtengenezea randa yake, iko chini ya meza ya mwisho. Huyu atakuwa fundi kunishinda, ila..."

Akalirudisha bakuli dirishani.

"Ila nini?" nikauliza.

"Umebandika karatasi nyingine juu yake. Ibandue mwenyewe."

Alimshika mwanawe mkono mzima, wakaondoka, na mtoto yule hakurudi tena shuleni. Nilipiga magoti chini ya meza ya mwisho, nikaikuta randa, ndogo, kishikio chake kimechongwa kwa ajili ya mkono wa kushoto. Nikachukua kisu nikalikwangua lile bakuli. Likatoka vumbi na vipande visivyosomeka. Yalikuwapo mabakuli arobaini dirishani, na kila moja lilikuwa na mtoto ndani yake.

Jumamosi nilikwenda Keko kwa miguu. Fundi alikuwa barazani kwake akipiga randa ubao wa mninga.

"Shikamoo, fundi," nikasema, kwa mara ya kwanza.

"Marahaba."

Nikamweleza yote, nikamwomba anieleze upya habari za watoto nami niandike. Kalamu nilikuwa nayo tayari. Akapuliza vumbi kwenye ubao, akaukagua kwa jicho moja.

"Watoto gani?" akaniuliza, akaendelea kupiga randa.