Duara la Chaki

Fundi mwanamke wa kuchomelea, yule wa gereji iliyo mkabala na dirisha langu, hukisikiliza chuma kabla ya kukikata. Wiki ya tatu sasa analala chali chini ya gari kuukuu lenye vitanda na jiko ndani, akigonga chesisi yake, ile fremu ya chini, iliyoliwa na kutu. Panapolia vizuri, anapita. Panapotoa sauti butu, anachora duara la chaki, anakata, anachomelea bamba jipya. Mikono yake imejaa alama za cheche. Ukimwambia aache, jibu lake ni moja: "Bado." Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshalizika gari lile moyoni.

Jana alikuja tena mnunuzi wa vyuma chakavu, mara ya nne. "Dada, unajichosha bure. Hii ni maiti," alisema, akaipiga chesisi teke. Buti likatoboa chuma na kuzama. Akacheka mpaka akashika mbavu, mguu ukiwa bado umo ndani. Fundi akajiburuta hadi pale, akapangusa kutu kwa kiganja, akachora duara kubwa kuzunguka lile buti.

"Asante, kaka. Hapo palikuwa pamenipita," alisema, akiwasha grenda. "Sasa toa mguu, nikate."