Chumba Kilichofungwa Mkanda

Kosa nitakalolifichua hapa ni la kuona haya kusaidiwa na mtu tunayemdharau. Ni kosa la watu wenye heshima zao, na ndiyo maana halikemewi kanisani wala barazani. Mimi hulikumbuka kila ninapokutana na harufu ya rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa dizeli, harufu nzito inayokaa kooni kama kidonge kilichogoma kushuka. Hunirudisha Tinde, mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika sebule yetu ambayo baba aliipaka rangi kwa bidii kubwa hadi ikakosa nafasi ya watu.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa karani wa ghala la pamba na kiongozi wa kigango chetu cha kanisa. Msomi kwa kipimo cha kijiji, mbishi kwa kipimo chochote. Dada yangu Kabula alikuwa ameposwa na kijana wa upande wa Kahama, na wazee wa kijana huyo walikuwa wanakuja kupatana mahari. Kwetu, ugeni wa namna hiyo uliketi chumba kimoja pamoja na wenyeji, wote bila kubagua. Kumweka nje hata mmoja ilikuwa ni kumwambia kwamba ng'ombe wake hawatakiwi. Nayo sebule yetu ilikuwa na nafasi ya vitanda viwili na kiti, dirisha dogo kama tundu la njiwa, na dari la magunia ya kahawia yaliyoshonwa kwa mkono.

Mama alitaka chokaa. Baba hakutaka kulisikia neno hilo.

"Chokaa inashika nguo," alisema. "Wakwe zangu watoke hapa na migongo myeupe kama kunguru?"

Alikuwa na picha yake kichwani. Katika kila ofisi aliyowahi kuingia, nusu ya chini ya ukuta ilikuwa kijani kilichokolea, na mstari ulionyooka ukaigawa na nusu ya juu. Mstari ule kwake ulikuwa ndio maendeleo yenyewe. Zilikuwa zama za kukosa vitu. Hata sabuni tuliipanga foleni. Lakini alipata debe la rangi ya kijani kwa dereva wa lori, na kwa kuwa tina ya kuizimulia haikupatikana, akaizimua kwa dizeli. Akavuta kamba usawa wa mabega ya mtu aliyeketi, akapaka chini yake. Juu, kwa kukosa rangi nyeupe, aliuacha udongo kama ulivyokuwa.

Mama alisimama mlangoni akatazama. "Baba Kabula, chumba kimepungua."

"Kimepungua wapi? Kuta zimetembea?"

Lakini na yeye aliona. Mimi niliyeshika debe nilimwona akiona. Mtu mwingine angeweka brashi chini. Baba aliupandisha mkanda ule wa kijani shubiri moja ili ukuta urefuke kwa nguvu. Chumba kikazidi kubana. Akapaka mkono wa pili wa rangi, kikazidi tena, na kila tone lililoanguka sakafuni likawa kosa langu. Nakumbuka hasira niliyokuwa nayo, hasira ya mtoto anayelaumiwa kwa tone ilhali ukuta mzima umeharibika na hakuna anayeruhusiwa kusema.

Wageni walifika siku ya sita tangu rangi ipakwe, watu saba, na rangi ilikuwa bado haijakauka. Jua lilikuwa kali. Waliketi wamebanana, magoti kwa magoti, kuta za kijani zikiwasogelea na magunia yakiwakalia vichwani. Hawakuwa na la kufanya ila kuegemea. Msemaji wao, mzee Masanja, baba mkubwa wa bwana harusi, mrefu, mwenye koti la kijivu la heshima, aliinuka kutoa salamu za ukoo. Koti lilibaki ukutani kidogo, kisha likabanduka kwa sauti kama ya ngozi inayochunwa. Mgongoni alikuwa na mkanda wa kijani kutoka bega hadi bega.

"Karani," alisema, akijipapasa, "umetuita kupatana, au umetusindika koponi?"

Walitoka nje wenyewe, wakaondoka bila kula. Siku ya pili ujumbe ukaletwa: watarudi mara moja tu, Jumamosi ya wiki inayofuata. Wakishindwa tena kuketi ndani ya nyumba hii kama watu, watawaswaga ng'ombe wao kwingine. Kabula hakulia. Alichukua kisu akaanza kuukwangua ukuta, akakwangua mpaka vidole vikachubuka, na baba akamwamuru aache, kwa kuwa dawa yake ilikuwa mkono wa tatu wa rangi. Jumatatu alipanda lori kwenda Shinyanga kutafuta tina.

Jumanne mama alivuka barabara hadi kwa mwuza pombe.

Sisi tulikatazwa hata kupita mbele ya nyumba ile, na baba alikuwa ameisema Jumapili nyingi. Chumba cha mwanamke yule, kilichopakwa chokaa, hakikuzidi chetu kwa unyayo mmoja, ila watu kumi na tano walikaa humo wakicheka bila kugongana viwiko. Mimi nilikijua, kwa kuwa nilikuwa nikichungulia. Siku zote zile nilikuwa na jibu mdomoni nikalimeza, nikiogopa kuulizwa nililipata wapi.

Mwuza pombe alikuja na brashi ya katani, debe la chokaa, na kipande cha bluu ya kufulia kilichofungwa kitambaani. Aliitazama sebule kwa muda.

"Mama Kabula, aliyefanya kazi hii alikuwa amekasirishwa na nani?"

"Ni mume wangu."

"Basi shemeji amekifunga chumba mkanda kifuani. Kinahema juu juu. Tukifungue."

Siku nzima tulikwangua, tukasugua kwa mchanga na majivu. Kisha alitukandikisha udongo mwembamba uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, tukauacha ukauke. Alhamisi alichanganya chokaa na chumvi na uji mwepesi wa muhogo ili isishike nguo, akatia bluu kidogo ili weupe usigeuke manjano. Alipaka kuta zote nne kuanzia chini, akaendelea hadi juu, na alipofika kwenye magunia ya dari hakusimama. Aliyapaka pia, na pembe, na kingo za dirisha. Nilimwuliza kwa nini haachi mpaka popote.

"Jicho likigota, chumba kinaishia hapo," alinijibu bila kugeuka. "Mimi sitaki ligote."

Baba alirudi Ijumaa bila tina. Aliingia, akapima sebule kwa hatua kutoka ukuta hadi ukuta. Akapima tena.

"Mmebomoa wapi?"

Mama akamweleza. Nilingoja angurume. Badala yake alishusha sauti. "Jina la mwanamke huyo lisitoke nje ya mlango huu."

Jumamosi wageni waliketi, wote saba pamoja nasi, na wakanyoosha miguu. Mzee Masanja alipitisha kiganja ukutani, akakitazama, kilikuwa safi. Akanigeukia mimi niliyekuwa napitisha maji ya kunawa.

"Ng'wanone, mwanangu, fundi wa chumba hiki ni nani?"

Baba alinitazama. Nikasema, "Ni baba."

Wakapiga makofi. Karani amejirekebisha, wakasema. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kuungana naye. Walipatana mahari kabla ya alasiri. Ndipo ikaletwa pombe ya wageni, ambayo baba alikuwa ameiagiza kimya kimya, na aliyeileta alikuwa mwuza pombe yule yule. Alikuwa jikoni muda wote, nyuma ya ukuta usiozuia sauti. Alipiga magoti, akawamiminia mmoja mmoja, na chokaa bado imo kwenye kucha zake. Hakuna aliyezitazama ila mimi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile nilimwokoa baba na kumwozesha dada. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba posa isingevunjika kwa kusema kweli; wazee wale walitaka mahali pa kuketi, hawakuuliza nani alishika brashi mpaka walipokwisha kuridhika. Hakuna aliyenilazimisha kusema uongo. Nilikuwa nimefundishwa vizuri tu nani wa kutajwa na nani wa kutotajwa, nami nikajibu kama mwanafunzi hodari. Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba kwa jibu lile nilisifiwa kuwa mtoto mwenye adabu.

Mama akiwa mzee nilimwuliza jina la mwanamke yule, kwa maana sisi tulimwita mwuza pombe tu. Hakusita hata kidogo. Alilitamka kama mtu aliyengoja kuulizwa miaka yote hiyo. Kwandu, binti Luhende.