Mbwa Aliyelala Mahali pa Bibi

Harufu ya mbwa aliyelowa mvua wengi hawaipendi. Mimi nikiinusa, hata iwe ya mbwa koko anayekatiza stendi ya Buzuruga, nasimama palepale. Moyo unakuwa mwepesi kwanza, halafu unakuwa mzito. Wepesi ni wa Tomi, mbwa wangu. Uzito ni wa Bibi. Nitawasimulia wote wawili, maana kila nikijaribu kumtaja mmoja peke yake najiona mwongo.

Nina usonji. Siku hizi nalitamka neno hilo bila shida, lakini nilipokuwa mtoto pale Kirumba hakuna mtu mtaani kwetu aliyelijua. Wapo waliosema nimedekezwa, wapo waliosema nimechezewa na wachawi. Nilichelewa sana kuongea, na nilipoanza sikusema yaliyotakiwa. Ukinisalimia, nilikutajia rangi ya viatu vyako. Sauti kubwa ziliniumiza kama mtu anayenichoma sindano masikioni: mashine ya kusaga, pikipiki, spika za mkutano wa injili. Zikinizidi, nilikimbia. Na miguu yangu iliijua njia moja tu, ile inayoteremka kati ya mawe mpaka ziwani, kwa sababu maji yakigonga mawe yalitoa sauti isiyobadilika, na mimi nilitaka kuisikia kwa karibu zaidi, na zaidi.

Kazi ya kunikimbiza ilikuwa ya Bibi, mama yake mama. Baba alikuwa mgodini Geita na alikuja kwa nadra. Mama alikuwa fundi cherehani, na kila msichana wa kazi aliyemleta alifungasha baada ya muda mfupi. Ndipo Bibi akaacha shamba lake Misungwi akaja kukaa nasi. Jina langu ni Robert, lakini kwa ulimi wake wa Kisukuma nilikuwa Lobeti, na kwa utani wa mabibi wote nilikuwa mume wake. Basi ilikuwa kawaida kumwona mwanamke mzee, kanga imemlegea, anateremka mtaa mzima akipiga kelele: "Lobeti! Mume wangu! Usiniache!" Watu walishika mbavu. Kijana mmoja muuza vocha alizoea kumwambia, "Bibi, mwache aende, utapata mwingine." Bibi hakuwa na pumzi ya kumjibu.

Tulilala kitanda kimoja. Nilipokuwa nahangaika, sishikiki, Bibi aliniwekea mguu wake juu ya mapaja, mzito kama gogo, akauacha hapo mpaka nitulie. Hakuna mtaalamu aliyemfundisha. Alijua tu kwamba uzito ule ulinirudisha.

Jumamosi moja spika za injili zilifunguliwa karibu na kwetu bila mimi kutazamia. Ninachokumbuka ni maji, jinsi yalivyokuwa ya uvuguvugu yaliponifika kifuani, na mwanga uliokuwa ukichezacheza juu yake. Sikumbuki akina mama waliokuwa wakifua wakinivuta nje. Sikumbuki kabisa kwamba huko juu, kwenye mawe, Bibi alikuwa ameanguka na goti lake limeteguka. Nilisimuliwa baadaye. Tangu siku hiyo alitembea akichechemea, na mimi, kama mnavyoweza kukisia, nilimtajia mara nyingi kwamba anachechemea.

Mwalimu wangu wa elimu maalumu ndiye aliyemweleza Mama kwamba kuna nchi ambako watoto kama mimi hupewa mbwa waliofunzwa kuwalinda. Mama alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka, akaanza kuulizia. Akampata mzee mmoja wa Buzuruga aliyestaafu polisi, kwenye kikosi cha mbwa, tuliyemwita Afande. Afande alisema hajawahi kumfundisha mbwa kazi ya namna hiyo, lakini mbwa ni mbwa, na mtoto ni mtoto, tujaribu. Tukawa tunaenda kwake kila mwisho wa juma kwa miezi mingi, mpaka Tomi akawa tayari.

Tomi hakuwa mbwa wa kutisha. Mama yake alikuwa wa ukoo wa mbwa wa polisi, baba yake alikuwa wa mtaani tu. Mama alimshonea kizibao cha kitenge cha rangi ya machungwa ili watu wajue yuko kazini. Mkanda wake ulifungwa kwenye mkanda wa suruali yangu, na nikianza kukimbia alikaa chini kama gunia la mchele, haendi mbele wala nyuma. Nikipiga mayowe alilala juu ya miguu yangu. Tulipopita naye soko la samaki la Mwaloni, katikati ya mafungu ya dagaa na sangara, alitazama mbele bila kunusa chochote. Wauzaji walishangaa. "Mbwa gani huyu? Huyu ameokoka!" Jina likamkaa: Mlokole.

Afande alitoa sharti moja. Mbwa lazima alale na mtoto, chumba kimoja, ndipo watashikamana.

Siku Tomi alipoingia kwetu, Bibi alisema, "Karibuni," akaenda jikoni akafunga mlango. Usiku ule alitandika mkeka sebuleni. Baada ya siku kadhaa alihamia kwenye kichumba cha cherehani, katikati ya vipande vya vitambaa. Akitaka kwenda chooni alizunguka nyumba kwa nje ili asipite mlangoni kwangu. Mimi niliona ni mchezo, nikamcheka. Kitandani kwangu, pale palipokuwa na mguu wa Bibi, sasa palikuwa na kidevu cha Tomi, na nililala vizuri kuliko nilivyowahi kulala.

Kisha asubuhi moja nilikuwa barazani namchana Tomi manyoya. Bibi akatoka na begi lake la safari, lile la mistari liitwalo shangazi kaja, amevaa viatu vyake vya kanisani.

"Lobeti, mume wangu, mimi naenda kwetu."

"Begi lina bluu na nyekundu," nikamwambia.

"Eeh. Lina bluu na nyekundu."

Alisimama mbali kidogo, upande wa pili wa ngazi. Sikuinua kichwa. Niliendelea kuchana, kwa sababu nilikuwa sijamaliza upande wa kushoto.

Maisha yangu yalinyooka baada ya hapo. Nilikwenda shule, nilikwenda sokoni, sikuingia tena ziwani. Na kichwani nikapanga mambo kwa mstari mmoja ulionyooka: Tomi ananipenda, Bibi hampendi Tomi, kwa hiyo Bibi hanipendi. Nilikuwa na hakika na hesabu hiyo kama watu walivyo na hakika kwamba jua litachomoza.

Nilipokuwa nimekua kidogo Mama alitupeleka Misungwi kumsalimia. Bibi alikuwa amepika kuku na wali, chakula cha sikukuu. Kabla hatujakaa alitoka nje na bakuli la maji, akaja nalo mwenyewe mpaka alipokuwa amelala Tomi. Maji yakawa yanamwagika, njia nzima, miguu yake ikalowa.

"Bibi, unamwaga maji," nikasema.

"Naona, mume wangu."

Aliliweka chini, akarudi kinyumenyume. Mimi nikamgeukia Mama, nikasema kwa sauti yangu ya siku zote, ambayo haijawahi kuwa ndogo, "Bibi hampendi Tomi. Twende nyumbani." Nikasema tena na tena mpaka Mama akaona aibu. Bibi akafunga kuku kwenye hotipoti, akatuambia bora tuwahi, mawingu yalikuwa yanajikusanya. Mvua ilitukuta njiani, na harufu ya Tomi aliyelowa ilikuwa nami mpaka nyumbani. Kwangu ziara ile ilikuwa habari ya bakuli lililojazwa kupita kiasi. Kwamba mikono iliyolibeba ilikuwa inatetemeka, sikuliona hilo.

Tomi alikufa kwa uzee. Nilikuwa mtu mzima tayari, natengeneza redio na feni pale mtaani, na niliomboleza vibaya. Siku moja, nikiwa natia mafuta cherehani ya Mama, nikamwambia kwamba angalau Bibi atafurahi kusikia.

Mama akaweka mkasi chini. "Nani kakwambia atafurahi?"

Ndipo akanieleza. Bibi alipokuwa msichana, yeye na mdogo wake wa kiume walikuwa machungani, mbwa mwenye kichaa akamng'ata yule mdogo. Bibi alimuuguza mpaka mwisho, na mwisho wa ugonjwa ule si wa kusimulia.

"Kwa hiyo aliondoka kwa sababu ya Tomi," nikasema.

"Aliondoka kwa sababu yako. Mimi nilishamwambia Afande aje amchukue mbwa wake. Siwezi kumtesa mama yangu ndani ya nyumba yangu. Bibi akanikatalia. Alisema, 'Yule ana miguu minne, mimi nina mmoja na nusu. Mbwa namwogopa, lakini ziwa naliogopa zaidi.' Kesho yake akafungasha."

Nilikaa na kile kikopo cha mafuta mkononi. Miaka yote nilikuwa nimemhesabia Bibi kuondoka kwake kama kunikataa.

Nilikwenda Misungwi peke yangu. Nilimkuta uani, macho yamefifia, anamenya viazi kwa kupapasa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbwa wako yuko wapi?"

"Amekufa."

Kisu kikasimama. "Pole sana," akasema. "Alifanya kazi nzuri yule."

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, na sasa yalitoka yote kwa pamoja. "Bibi, siku ile unaondoka sikukuaga. Sikukuangalia hata kidogo."

"Siku gani?" akauliza. "Mimi sikumbuki." Akanipa kisu kingine, akasogeza beseni katikati yetu.

Tulimenya mpaka viazi vikaisha. Nilimtazama usoni muda mrefu, jambo ambalo kwangu bado ni kazi ngumu, na sura za watu mpaka leo zinanishinda kusoma. Kwa hiyo sijui. Sijui kama Bibi alikuwa amesahau kweli, au kama na hilo pia alikuwa amelibeba yeye ili nisilibebe mimi.