Kopi ya Pili ya Barua ya Masika

Mi ni Donat. Ninaandikia watu barua kwa mashine mbele ya mulango wa universite, hapa Goma, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Ninajua barua. Njo maana kwa haya yote ninajikasirikia mwenyewe kwanza.

Masika alikuwa mwaka wa tatu. Mutoto wa mukulima wa Butembo, analala kwa shangazi yake, mutaa wa Murara, na kila asubuhi anauza mandazi mbele ya kwenda kusoma. Alipenda kucheka, na mutu akimuchokoza alikuwa anajibu palepale. Sikuwa nimeshamuona akilia. Siku moja alikuja analia, akakaa kwenye kiti changu, akanipa telefone yake nisome.

Zilikuwa mesaji za asistanti mwenye kuongoza kazi yake ya kumaliza masomo. Jina lake silitaji, mudomo wangu si choo. Alimuandikia kwamba kazi ataisomea kwake nyumbani tu, Jumapili, muke wake akiwa misani. Masika alikataa mara tatu. Kisha wanafunzi wenzake wakaanza kumuita "madame asistanti", kama vile ni muke wake, kwenye grupu yao ya telefone, wakamucheka mpaka akawa anakaa nyuma kabisa, peke yake.

"Papa Donat, nataka kumushitaki," akasema. "Tuandike kwa rekta moja kwa moja."

Kwa mukubwa wa universite yote? Nikamukatalia. Kwetu barua inapitia departema kwanza; ukiiruka, inarudishwa. Tena barua haiachwi kwa mutu bila kopi ya pili, wakupigie muhuri kwamba wamepokea, la sivyo kesho watasema hawakuona kitu. Niliandika yote: tarehe, saa, maneno ya yule mwanaume vile yalivyo. Bahasha nikaifunga na gundi. Kopi ya pili ikabaki wazi, kwa ajili ya muhuri.

"Umupe mama Micheline, sekretere wa departema," nikamuambia. "Usitoke pale bila muhuri."

Mutoto akatii. Kumbe siku ile mama Micheline alikuwa kwenye matanga Kibati, na kwenye kiti chake, muhuri mukononi, alikuwa amekaa asistanti mwenyewe. Masika akataka kurudi nyuma, lakini yule alishanyoosha mukono na kuchukua bahasha na kopi. Akasoma kopi polepole mpaka mwisho. Kisha akaipiga muhuri na kumurudishia.

"Imepokelewa," akasema.

Bahasha haikufika kwa rekta. Baada ya juma moja departema ikamuita Masika aeleze kwa nini anachafua jina la mwalimu. Akaonyesha mesaji, wakamuambia kwa telefone kila mutu anaweza kujiandikia. Kwa departema nzima hakupatikana mwalimu mwingine wa kuongoza kazi yake. Papa yake hakuweza kuja, barabara ya Butembo ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita. Kwa simu alimuambia avumilie. Hakujua anamuambia avumilie nini, maana Masika alishindwa kumutajia muzazi mambo ya namna ile.

Nilimuomba tuandike tena, safari hii niipeleke mi mwenyewe kwa rekta, wanifukuze mi. Akatingisha kichwa.

"Nimechoka, papa. Nikiandika, njo yeye anasoma."

Akaniomba barua ya kuacha masomo. Miaka mitatu, ndugu zangu, na mandazi yote yale. Barua ya kuacha inataka sababu. Nikamuuliza niweke gani. Akaangalia wenzake wakiingia.

"Weka ile watu wote wanaweka," akasema.

Nikaandika: kwa sababu zangu binafsi. Niliona haya mbele ya mashine yangu mwenyewe. Akasaini, akavuka nayo barabara kuipeleka.

Barua ya kwanza, leo ni miezi mitatu, rekta hajaiona. Hii ya kuacha ilipita departema saa nne, na siku ileile, kabla ya saa sita, rekta alikuwa ameshaisaini.